Baba Alipochambua Miiba

Shikamoo Bibi,

Hili sijamwambia mtu. Baba na Mama walizunguka Vietnam na mabegi mgongoni ili waamue kama wataachana. Niliwasikia kabla hatujaondoka. Hanoi walitembea kama hawajuani, mimi katikati. Milimani Sapa, ukungu na baridi, wenyeji wetu wakatuandalia samaki mmoja tule pamoja. Baba akaanza kumchambulia Mama miiba, kama zamani.

“Leo umenikumbuka?” Mama akauliza.

“Kula kwanza, utanigombeza baadaye.”

Mama akala, machozi yanamtoka.

Tumesharudi nyumbani Guangzhou, huku China, na bado hawajasema wameamua nini. Utuombee, Bibi. Nasikia hatua za Mama zinakuja mlangoni. Nilikuwa naifunika kadi hii kwa kitabu. Sasa naiacha wazi, asome.

Salma wako