Bitumbua bya ku Kilima

Yaya Kalumba, ndugu yangu mukubwa, kule Kisenge,

Usishituke: mama eko muzima, batoto pia. Mama Kanku, mukubwa wa bavolonteri ba hapa kijijini, kila mazoezi ya kukimbia mafuriko anapiga janti ya kamyo, kile chuma cha gurudumu, kama kengele, batu banapanda kilima, halafu anabagawia bitumbua. Mama yetu hakosi hata siku moja.

Juzi asubuhi janti ikalia. Batu bote bakapanda na kucheka, bakifikiri ni mazoezi. Kufika juu, bakageuka: mai ya muto Lualaba ilikuwa inaingia mu manyumba.

Ile nyumba yenye ulitujengea haiko tena, Yaya. Mama aliiangalia mpaka ikaanguka, halafu akamugeukia mama Kanku: «Na bitumbua biko wapi?»

Mudogo wako,
Joyeuse