Cha juu cha dalali Otuoma

Queen, acha unachofanya! Dalali Otuoma ameumbuka benki sasa hivi!

Si unaijua nyumba ya Evelina? Deni la benki milioni tisini, benki ikakubali iuzwe sabini, zinazobaki Evelina aendelee kulipa, na kamisheni ya dalali watoe wao kwenye hizo sabini. Otuoma akaiona ndogo. Akamwambia mnunuzi, mzee mmoja wa Magu, bei ni sabini na nane. Nane cha juu chake!

Mzee kaingia, kamwaga zote mezani kwa afisa mikopo. "Sabini na nane, kama dalali alivyosema."

Sabini na nane, Queen! Mbele ya benki!

Afisa akatabasamu: "Asante kwa kutupandishia bei. Hizo nane zote zinaingia kwenye deni."

Otuoma jasho linamtiririka. Evelina, aliyelia wiki nzima, akamshika mkono: "Umenipunguzia deni milioni nane, kaka. Mungu akuzidishie."