Tumbaku Isiyokuwepo

Odero mwanangu,

Jana mchana nilisikia tena miguu ikiburuzwa barazani. Nilikuwa nachambua osuga, mboga zangu za jioni. Nikasubiri mlango uguswe, haukuguswa. Nilipotoka niliwakuta kuku wamelala, na kiti cha babu yako kiko pale pale. Wewe uko Homa Bay, baba yako alishatutangulia, na hapa Magunga nimebaki peke yangu. Nikaona nikuandikie, maana huko kwenu simu ni za Jumapili tu, na siwezi kukaa na jambo hili mpaka Jumapili.

Unajua jina lako ulivyolipata. Ulizaliwa ukilia, hata titi ulikataa, wazee wakawa wanakutajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Lilipotajwa la Odero, baba yake baba yako, ukanyamaza kama taa iliyozimwa. Tangu hapo nikawa nakutania: "Baba mkwe, uji umepoa." Nawe ulikuwa ukicheka na kunidai kuku, kama mkwe kweli. Mzee mwenyewe hukuwahi kumwona. Alikufa kabla sijakubeba tumboni.

Halafu ikaja Macalder. Sitaki kuyarudia yote. Ulienda kuchimba dhahabu, ukarudi na pombe ya chang'aa mwilini na sauti masikioni, ukisema kuna watu wanagonga kutoka chini ya shimo, nawe umelala hapa nyumbani. Hospitali ikakupa sindano na vidonge. Sauti zikanyamaza, nikamshukuru Mungu kwa machozi, nikadhani tumevuka.

Ndipo ukaanza kubadilika. Shingo ikakakamaa. Uso ukawa hauchekei kitu wala haununi. Ukawa unatembea hatua fupi fupi, unaburuta ndala, mate yanakutoka upande mmoja wa mdomo. Siku moja ukaketi kwenye kiti cha mzee, kiti ambacho mimi, mke wa mwanawe, sikuwahi kukikalia. Ukatazama upande wa mbuga ya Ruma, na kidole gumba chako kikaanza kuzunguka juu ya kidole cha shahada, polepole, mchana kutwa. Nilisimama na sufuria mkononi. Mzee alikuwa akisokota tumbaku yake hivyo hivyo, kwenye kiti hicho hicho.

Shangazi yako Awino alipokuja akakuona, alikusalimia kwa sauti ya chini, kama anavyosalimiwa baba mzazi. Kesho yake akaleta tumbaku, akakutilia kiganjani, na vidole vyako vikaisokota bila kosa. Majirani wakaja kutazama. Awino akaniambia vidonge vinamuudhi mzee, tuviache, apewe nafasi aseme alichokuja kusema. Mwanangu, niliogopa, kwa sababu hata mimi nilimwona. Nikakuletea uji, na utani wetu ukanitoka kwa sauti nisiyoijua. "Baba mkwe, uji umepoa."

Hukucheka. Uliutafuta ulimi mpaka ukaupata.

"Mama," ulisema, "usiniite hivyo. Mimi niko hapa ndani. Ni mwili tu umekataa."

Nilimwaga ile tumbaku uani, mbele ya shangazi yako. Akaniita mwanamke asiye na adabu, nikamwambia adabu nitaitafuta mwanangu akishapona. Tukaenda Homa Bay. Nesi aliviangalia vidole vyako kidogo tu, akauliza vilianza lini, akasema ni dawa ndiyo inayofanya hivyo, hutokea, na ni vizuri hatukuiacha ghafla. Daktari akapunguza, akabadilisha kidonge kimoja. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga, kwa kuwa hakuna aliyetuambia mapema.

Sasa uko kwenye nyumba ya kuacha pombe, na Jumapili iliyopita ulicheka kwenye simu. Kilikuwa kicheko chako mwenyewe, na nimetembea nacho wiki nzima. Lakini naogopa. Naogopa chang'aa, naogopa siku utakayochoka na vidonge, na naogopa kile kiti. Awino anasema mzee hajaenda popote, anakungoja. Ningependa kumcheka. Ila kila nikipita nikakigusa, nakikuta kina joto, na upande ule wa baraza haupati jua.

Wamesema mwisho wa mwezi utaruhusiwa kuja nyumbani. Ukifika, usivue viatu mlangoni kama nilivyokufundisha. Ingia navyo, nisikie ni miguu ya nani. Na hata ikiwa inaburuzwa, mwanangu, usigeuke ukarudi. Nitafungua tu. Nitakaa na wewe hapo barazani nikiita "mwanangu, mwanangu", mpaka uitike wewe mwenyewe.

Ni mimi niliyekuzaa, si mkwe wako,
Mama