Walipomwita Koku Mwizi wa Mtoto

Jumamosi, jioni. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, sasa upepo wa ziwani unagongagonga mabati. Bega la kushoto limevimba, mkono hauinuki. Naandika kwa kidole kimoja.

Leo watu walitaka kumuua Koku.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Koku ni rafiki yangu tangu chuo cha ualimu. Yeye hesabu, mimi Kiswahili. Mhaya wa Muleba, mbishi, mcheshi, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Halafu akaanza kusikia watu wasioonekana. Daktari alituambia ni skizofrenia. Dawa zikimkaa vizuri, anafundisha. Akiziacha, simtambui. Tangu Pasaka anaishi kwangu Buzuruga, kwa sababu kwao walichoka.

Wiki hii alikuwa halali. Anazunguka sebuleni, anasema ananusa moshi. Juzi nikakuta vidonge vyake vimebandikwa chini ya meza, vimekaukia mate. Nikampigia nesi wa kliniki, akasema nimlete Jumatatu. Nikaona Jumatatu si mbali.

Kumwacha peke yake na jiko niliogopa, kwa hiyo leo nikaenda naye Mwaloni, sokoni kwa samaki, kununua dagaa. Nilimshika mkono njia nzima. Nikauachia nilipokuwa nafungua mfuko.

Akachomoka. Karibu na meza ya sato kulikuwa na mtoto mdogo ameketi juu ya ndoo, mama yake anaparua magamba. Koku akamkwapua akakimbia naye kuelekea majini, anapiga kelele, "Moto! Tokeni, mtaungua!"

Hakukuwa na moto wowote.

Mama akapiga yowe. Mtu mmoja akalisema lile neno: "Mwizi wa mtoto!" Likasambaa haraka kuliko miguu yangu. Wanaume waliokuwa wanapakua magunia wakayatupa chini. Mmoja akampiga Koku ngwala, akaangukia tope, mtoto akanyakuliwa. Kisha wakaanza. Mateke ya mbavu. Mawe. Kasia likamshukia mgongoni na nikasikia jinsi lilivyolia. Mwingine akawa anauliza petroli iko wapi, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.

Nikamlalia. Sikufikiri. Nilimfunika kwa mwili wangu huku napiga kelele, "Ni mgonjwa! Ni mwalimu! Ni mgonjwa!" Kasia likanipata begani. Buti likanipata kiunoni. Na huku chini Koku naye anapigana na mimi, kwa sababu machoni pake mimi ndiye niliyekuwa namchoma. Akaniuma mkono. Meno yakazama, hakuachia.

Nikampiga ngumi ya mdomo.

Ningependa kuandika kwamba nilimpiga ili aniachie tu. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Nilimpiga pia kwa sababu ya usingizi ninaoukosa, kwa uji wa moto alionimwagia, kwa ndugu zake wanaonitumia meseji za "Mungu akubariki dada" na hawaji. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, na kwa kitambo kidogo nilikuwa mmoja wao.

Aliyetuokoa ni mama wa yule mtoto. Alilipasua kundi, mtoto yuko mgongoni, kisu cha kuparulia bado mkononi, akasimama juu yetu.

"Mtoto wangu huyu hapa, mzima! Nani kawatuma? Anayetaka kumpiga aanze na mimi."

Mwenye kasia akasema, "Lakini mama, huyu kakuibia mtoto."

"Mdogo wangu anaumwa hivyohivyo. Weka hilo kasia chini."

Akaliweka. Wakatawanyika mmoja mmoja, wanajifuta mikono kwenye suruali, kama watu waliomaliza kushusha mzigo.

Yule mama alitusaidia kumwingiza Koku kwenye bajaji, akamshikilia miguu mpaka hospitali. Sikumuuliza hata jina.

Wodini manesi walimbana, wakamchoma sindano. Ubavu umevunjika. Mdomo umeshonwa. Daktari akauliza nani kampasua mdomo. Nikasema, mimi. Akaniangalia, akaniambia nikae nisafishwe kidonda.

Kabla sindano haijamchukua, Koku aliutazama mkono wangu uliofungwa bendeji.

"Pendo, nani kakuumiza hivyo?"

Nikamwambia nilijikwaa kwenye mawe. Akasema pole. Nikatoka nje, nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Nilipofika nyumbani nikampigia kaka yake. Siku zote namwomba. Leo sikumwomba.

"Shikamoo kaka. Kesho panda basi uje."

"Marahaba. Dada, kahawa iko uwanjani inaanikwa, na mvua hizi..."

"Iache ioze. Leo nilimpiga dada yako, kaka. Nikibaki naye peke yangu nitampiga tena."

Nikamsikia akimwita mtu aje aiangalie kahawa. Kisha akasema, "Nakuja."

Sijui kama nitamwamini kabla sijamwona. Sijui pia kama Koku akizinduka atakumbuka ngumi yangu au atakumbuka tu kasia. Najiuliza lipi kati ya hayo naliogopa zaidi.

Kukikucha nitampelekea uji. Akinitemea nitajifuta, na nitakaa.