Malkia Niliyemtoa Kafara

Jumapili, 3 Machi

NIMEMPIGA BABA! Nimemfunga mfalme wake, mezani kwake, Mama akishuhudia. Tangu anifundishe sataranji nikiwa kibogoyo wa darasa la kwanza sijawahi kumshinda. Na Baba hana huruma mezani, hata ukiwa na homa anakuchapa. Leo aliukodolea macho ubao, kisha akanipa mkono. "Umeniweza, mama." Nilitaka kulia, nikacheka.

Karatasi ya hatua ninayo — Baba hachezi na mtu asiyeandika. Wiki hii nitaichambua hatua kwa hatua. Taratibu, nifaidi.

Jumatatu, 4 Machi

Kazini nimejisifu hadi Mama Pacha, mwenzangu wa cherehani ya pili, akauliza leo tunashona mapazia au tunapigana vita. Wivu tu!

Jioni nimepanga ubao. Nilikuwa na weupe, kete nyeupe. Hatua ya kwanza, askari wa mbele ya mfalme, nyumba mbili. Safi. Farasi, safi. Hatua ya tisa askofu wangu akala askari wa pili kutoka ukingoni. Bure kabisa! Nikaweka alama ya mshangao, ile ya hatua bora. Ya kumi na nne farasi wangu alikaa pahala pa hovyo, ngome ya Baba ikimtazama. Hakumla. Labda alihofia mtego. Nikajiwekea mshangao hapo pia — kalamu si yangu?

Jumatano, 6 Machi

Leo hatua ya ishirini na mbili. Kafara yangu! Malkia akaingia mpaka ubavuni mwa mfalme, mfalme akakimbia, hatua iliyofuata kwisha habari yake. Hiyo ndiyo niliyowasimulia mafundi wote.

Nimeitazama tena. Ngome yake ya pembeni inamla malkia. Nalipiza kwa farasi, farasi naye analiwa. Nabaki na nini? Aibu. Ile haikuwa kafara, ulikuwa upofu wangu. Lakini Baba, Baba mwenyewe, akose kuiona?

Basi ameniachia. Nimechemka. Nikampigia simu: Baba, ulinionea huruma? Akawaka. Anionee huruma mimi? Yaani amewatangazia wanafunzi wake wote, kila anayeshika usukani, kwamba binti yake kamtoa jasho, halafu namvunjia heshima? "Sikuona pa kutokea," akasema. "Ulinibana."

Baba anajisifia mimi, ndani ya gari lake la kufundishia udereva! Kichwa kimevimba, mlango wa chumbani haunitoshi.

Ijumaa, 8 Machi

Maneno yale hayaniachi. Sikuona.

Leo nilihamisha kiti nikakaa upande wake. Nikaupitia mchezo wote nikiwa Baba. Yule askari wa bure — kushoto kwangu. Yule farasi — kushoto. Ngome ambayo ingemla malkia — kushoto, ukingoni kabisa. Kulia hakukosea hata mara moja. Kulia alicheza kama Baba.

Nikampigia Mama, nikijifanya namsalimia. Akasema yeye ni mzima, ila baba yako kajigonga bega tena, mlango uleule. Bega gani? La kushoto, kwani vipi?

Kwani vipi! Mtu anayeshinda garini akifokea watu: vioo, tazama vioo, pande zote!

Baba haoni upande wa kushoto, nimegundua mwenyewe, kwa ubao na kiti tu. Najivunia, siwezi kudanganya. Jicho hili ni yeye aliyelinoa. Lakini nikimwambia, namnyang'anya kazi. Nami nabaki bila ushindi. Mama Pacha atacheka. Acha acheke. Ila huenda nimekosea. Jumapili nitajua.

Jumapili, 10 Machi

Niko kwao. Mchezo unaendelea, naandika humu, Baba anadhani naandika hatua. Leo amechukua weupe. Amevaa shati la kutokea. "Leo nalipiza, mama." Anacheka peke yake.

Nimefanya makusudi. Malkia wangu nimemweka kushoto kwake, ukingoni, mbele ya ngome yake. Hana mlinzi. Hata mtoto wa chekechea angemla. Ni mara ya kwanza kwenye meza hii namwachia mtu kitu. Akijua atanifukuza!

Anafikiri. Mama kaleta chai, kasimama mlangoni. Mwanafunzi atakuja saa nane, wanaanza barabara kuu leo. Funguo za gari ziko mezani, kulia kwake.

"Umekuwa mkali wewe," anasema. "Sioni unachopanga." Na uso umemng'aa, anavyojivunia mimi!

Mkono umenyanyuka. Unaelekea kwa farasi, kulia. Umesita hewani.

Mle malkia, Baba. Nipige. Nipige kama zamani —