Supu Mbili na Masharubu ya Mzee Chibago

Mkonze, Dodoma, Julai

Bibi, shikamoo! Nimefika salama kwa mwanao, Baba Mdogo, na baridi ya huku inauma mpaka masikio.

Siku hizi biashara ni huria, mashine za kukamua alizeti zimejaa, na Baba Mdogo analisha mbuzi wake mashudu yanayobaki. Anaapa kwamba yanalainisha mafuta ya nyama, hayagandi ovyo. Jirani yake, Mzee Chibago mwenye bucha Majengo, akacheka: "Mbuzi ale mashudu, ale godoro, mafuta yake yataganda tu!" Wakawekeana dau: atakayeshindwa ananyolewa masharubu.

Jana jioni yakawekwa nje mabakuli mawili ya supu, moja la mbuzi wetu, moja la mbuzi wa Mzee, mbuzi aliyekula majani tu. Nyumba nzima tukakaa kwenye upepo, na njaa zetu, tunatazama supu! Ya Mzee ikaganda nyeupe kama mshumaa. Yetu bado inachezacheza. Mzee akabisha kwamba yake imeganda juu juu tu, chini inanyweka, akanyanyua bakuli lake ainywe kuthibitisha. Mafuta yakamgandia kwenye masharubu, yakasimama kama mswaki.

"Haya, ninyoeni," akasema kinyonge. Wembe ukagoma! Ikabidi Mama Mdogo achemshe maji, ayayeyushe yale mafuta kwanza.

Tangu ushindi huo tunatiliwa mafuta ya alizeti kwenye kila kitu, hata uji. Nimekukumbuka mno, Bibi. Nikirudi ukanikumbatia nikateleza nikakuponyoka, usidhani sikupendi.

Mjukuu wako,
Asha