Yule Mwanamke wa Saa Mbili Usiku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Baba naye, kifua kinasemaje? Mimi sijambo, ila sauti imenikauka kwa kulia. Usishtuke, nimelia kazini, na kulia huko ndiko ninakolipwa.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimekubali kumwigiza yule bosi wa tamthilia ya saa mbili usiku badala ya mke wa mtu mwenye heshima zake. Mama, hatuchagui, tunapewa. Mwanzoni nilimpenda. Ana kampuni yake ya ujenzi, ana nyumba, hajaolewa wala halalamiki. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini kila akirudi nyumbani lazima anywe pombe gizani na kuzungumza na paka. Nikamwomba mwandishi wetu ampe walau jioni moja ya kula na marafiki zake na kucheka. Akaniambia mwanamke asiye na mume akionekana anacheka nyumbani kwake, watazamaji watadhani kuna mume wa mtu kajificha chooni. Chumba kizima kikaangua kicheko. Wiki iliyofuata akaniandikia mume wa mtu, chooni.

Tangu hapo mtaani sina raha. Muuza nyanya ananirushia chenji, hataki mikono yetu igusane. Jirani wa mlango wa pili, tuliyekuwa tukiazimana naye pasi, akisikia viatu vyangu kwenye ngazi humwita mumewe aingie ndani. Nilimweleza kuwa yule ni mtu wa kwenye televisheni tu. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema mbona hata wewe unaishi peke yako.

Mwezi uliopita mkubwa wa kituo aliamua watazamaji wapige simu, waseme bosi amalizwe vipi. Tulikaa kuzisikiliza rekodi zao huku tunakunywa chai. Wengi walitaka afilisike. Mmoja alitaka afe, lakini mwandishi akasema kufa ni kumpumzisha. Kisha ikaja simu ya mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya upole. Hakutaja jina, na namba yake ilifichwa. Alisema bosi apate ajali, miguu yote ife, ashindwe hata kujipeleka chooni, ndipo ajue faida ya mume. Akaongeza kuwa anasema kwa uchungu, maana naye ana binti wa namna hiyo: ana kila kitu na hana mtu, anamtia aibu mbele ya wenzake. Watu wakapiga makofi. Mwandishi akairudisha rekodi, akayanakili maneno yote.

Jana tumeigiza. Nililazwa kitandani, miguu imefungwa bandeji hadi kiunoni, na yule bibi anayeigiza mama wa bosi akainama juu yangu, akasema: "Una kila kitu, mwanangu, na huna mtu." Nililia hadi mwongozaji akasahau kutusimamisha. Tulipopumzika, bibi yule alinifuta uso kwa kitambaa chake, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kulia hivyo.

Mama, sauti yako naijua. Ulipofika kwenye "binti wa namna hiyo" ulikohoa kidogo, kama unavyokohoa ukitaka kunisema mbele ya wageni. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini polepole, mtu asije akaniuliza nina nini.

Mwandishi alifurahi kupita kiasi. Alitaka mama huyo atafutwe, aje studio apewe zawadi mbele ya kamera. Akatuuliza mmoja mmoja kama kuna anayeifahamu sauti ile. Zamu yangu ilipofika nikasema simjui, sijawahi kumsikia.

Baba mpe salamu zangu, mwambie asiache dawa. Wadogo zangu wabusu. Na wewe jitunze, usisimame sana na goti hilo.

Ni mimi,
binti yako wa namna hiyo.